Darubini ipi ununue kwanza? Mpangilio wangu kwa anayeanza kusoma anga

Kabla hujatoa hela, jua kwamba kazi kubwa ya darubini ni kukusanya mwanga, kukuza kunafuata baadae, kwahiyo swali la kwanza dukani ni upana wa lenzi au kioo. Yale maboksi yenye "525X" kubwa, yani eti inakuza mara 525, usiyaguse. Darubini ya milimita 60 mwisho wake wa maana ni kama mara 120, ukizidisha unaona ukungu tu, na stendi yenyewe nyepesi mno, ukiigusa kidogo Mshtarii kashapotea.

Namba moja ni darubini ya Dobson ya milimita 150, yani inchi 6. Ni bomba refu lenye kioo ndani, limekaa kwenye kitako cha mbao, haina mota haina betri, unasukuma kwa mkono. Nyingi fokasi yake (umbali kutoka kioo hadi mwanga unapokutana) ni milimita 1200, unaigawa kwa fokasi ya lenzi ya jicho, ile unayochungulia, kwahiyo lenzi ya milimita 25 inakupa mara 48 na ya milimita 10 mara 120. Hapo pete za Zohali ziko wazi kabisa, na miezi minne ya Mshtarii ileile aliyoiona Galileo mwaka 1610 unaikuta leo iko huku kesho imehama, mtoto akiona hivyo anaanza kuuliza mwenyewe kama kweli kila kitu kinaizunguka dunia, na swali hilo ndo lilitikisa Ulaya nzima. Ubaya wake ni ukubwa, kuibeba kwa bodaboda sahau.

Namba mbili, darubini ya macho mawili ya 10x50, yani inakuza mara 10 na lenzi zake za mbele zina upana wa milimita 50. Hela ikiwa ndogo anza na hii wala usijione umekosa! Lala kwenye mkeka, itazame Kilimia, lile kundi dogo la nyota, nyota zinajaa. Mwezi wa 11 ukiwa mbali na taa za mji tafuta Andromeda, galaksi jirani yetu, upande wa kaskazini, kiwingu hafifu tu, ila mwanga huo umesafiri miaka milioni 2.5 kukufikia, uliondoka huko binadamu kama sisi hawajawepo.

Namba tatu, Dobson ya mezani, milimita 114 au 130. Nzuri, mradi meza iwe imara.

Namba nne, ya lenzi milimita 70 yenye stendi ya kawaida ya juu-chini na kushoto-kulia. Mwezi unapendeza sana, pete za Zohali unaziona ila ndogo.

Namba tano ni zile zinazotuma picha kwenye simu kama Seestar S50. Nebula, yani mawingu ya gesi na vumbi huko angani, zinatoka na rangi hata ukiwa mjini, ila sayari zinatoka ndogo, na anga yenyewe huijui maana mashine inatafuta kila kitu yenyewe.

Stendi za EQ, zile zinazozunguka kufuata mwendo wa nyota, achana nazo kwanza. Zinataka zielekezwe kwenye ncha ya anga, ile sehemu ambayo nyota zinaonekana kuizunguka, na kwetu Dar au Nairobi ncha hiyo iko karibu na upeo wa macho, nyingi hazilali chini hivyo.

Mkaao pwani, unyevu unaotesha kuvu kwenye lenzi, hifadhi na vile vipakiti vya kunyonya unyevu. Na jua usilielekezee darubini kabisa bila filta maalum inayofunika mdomo wa mbele, kile kifilta cha kufunga kwenye lenzi ya jicho kitupe, kinapasuka kwa joto na jicho linaenda.