Kimchi iliyoiva, bakuli la jiwe na ukoko wake: mgahawa wangu wa Kikorea

Jana nimeenda tena kwenye ule mgahawa wangu wa Kikorea, nikatoka nimeshiba na roho nyeupe, nikasema leo lazima niuandikie, maana nimekula pale mara nyingi mno na sijawahi kusema neno na wale watu wa jikoni wanastahili kabisa.

Kwanza ile oda yako haijafika meza imeshajaa. Vile visahani vya pembeni wenyewe wanaviita banchan, jana vilikuja sita, kimchi ya kabichi, figili za vipande vya mraba, spinachi yenye ufuta, miche ya soya, viazi vilivyopikwa na sosi ya soya, na dagaa wadogo wakavu wamekaangwa wakawekwa utamu kidogo, hao dagaa mi naweza kula sahani tatu. Havilipiwi, kikiisha unaomba wanaongeza. Ila wengi wakienda mara ya kwanza wanavimaliza vyote fasta wakidhani ni vya kuanzia, kumbe ni vya kusindikizia wali, unadonoa huku unadonoa kule mpaka mwisho wa mlo.

Sasa kimchi. Mgahawa wa Kikorea mi naupimia hapo tu. Hawa wanatengeneza wenyewe, kabichi ya Kichina inalazwa na chumvi mpaka inalegea, inaoshwa, halafu inapakwa jani kwa jani pilipili ya unga, vitunguu saumu, tangawizi na sosi ya samaki, kisha inaachwa ichachuke taratibu. Ikiwa changa bado unasikia kabichi na chumvi kila kitu kivyake, ikiiva vinakuwa kitu kimoja. Ya jana ilikuwa imeiva haswa, unauma inalia kru, uchachu unatangulia pilipili inakuja nyuma yake. Na ile iliyochachuka sana hawatupi, ndo wanaipikia kimchi jjigae, mchuzi mwekundu wa moto na tofu na nyama ya nguruwe ndani, na huo mchuzi ukipikwa na kimchi changa hauna maana kwa kweli. Ile desturi ya Wakorea kukusanyika kutengeneza kimchi ya majira ya baridi, kimjang, UNESCO waliitambua kama urithi mwaka 2013, na ukila kimchi iliyotengenezwa kwa moyo hivi wala hushangai.

Lakini kinachonirudisha pale ni dolsot bibimbap. Yaani wali kwenye bakuli la jiwe lililopashwa moto mpaka basi, juu wamepanga karoti, uyoga, spinachi, miche, nyama ya ng'ombe na yai katikati, linafika mezani bado linalia chiii. Siku yangu ya kwanza nilichukua kijiko nianze kuchanganya hapohapo, dada anayehudumu akaniambia "subiri kidogo dada angu, wali haujashika chini." Nikasubiri. Jamani! Lile jiwe limepakwa mafuta ya ufuta kwa ndani, kwahiyo wakati we umekaa unanusa, wali wa chini unajikaanga wenyewe unakuwa ukoko wa rangi ya dhahabu. Ndo unaweka gochujang, ile pilipili yao nzito iliyochachushwa, kijiko kimoja kwanza, unachanganya mpaka kiini cha yai kinapotea, unakula. Jana niliacha ukoko wa pembeni mwisho kabisa, nikaubandua na kijiko taratibu ukatoka kipande kizima kama kiganja, mkavu juu, chini una mafuta kidogo, nimeutafuna macho nimefumba.

Tulichoma na nyama pia, samgyeopsal, nyama ya tumbo la nguruwe kwenye jiko la katikati ya meza, wanakukatia na mkasi palepale. Unachukua jani la saladi, nyama, kitunguu saumu, ssamjang kidogo, ile sosi yao nzito ya soya iliyochachushwa na pilipili, unakunja, unaingiza mdomoni lote kwa mpigo, ukiling'ata nusu vinamwagika vyote.

Kilichoniangusha ni japchae, zile tambi za viazi vitamu, zilikuja za uvuguvugu na mafuta mengi, zimegandana, na sio kawaida yao. Nikamwambia dada, hakubishana, alizirudisha jikoni zikaja nyingine za moto na safari hii zinateleza vizuri. Halafu meza za karibu na mlango bomba la kuvuta moshi halina nguvu, nguo zangu mpaka asubuhi hii zinanukia nyama. Hilo walishughulikie, sehemu nzuri hivi haistahili.

Kwahiyo ukienda omba meza za ndani, agiza lile bakuli, na likifika weka mikono pembeni kama dakika tatu hivi hata kama njaa inakuuma.