Ukanda wa kriptokokasi: ninavyouona baada ya kuutumia miaka mingi maabara

Nikiambiwa nibaki na kipimo kimoja tu cha fangasi kwenye meza yangu, nitabaki na ukanda huu wa antijeni ya kriptokokasi, yaani unaotafuta vipande vya fangasi huyo kwenye damu au maji ya uti wa mgongo. Nasema hivyo nikiwa nimefanya kazi kabla haujaja, na nimeona ulichobadilisha.

Zamani tulikuwa tunatumia wino mweusi. Unaweka tone la maji ya uti wa mgongo kwenye kioo, unalichanganya na tone la wino, unafunika, unainamia darubini. Unachotafuta ni seli ya mviringo iliyozungukwa na duara jeupe ambalo wino haukuweza kupenya. Duara hilo ni koti la sukari analovaa fangasi huyu, Cryptococcus neoformans. Seli zikiwa nyingi unaziona mara moja. Zikiwa chache, na wewe uko zamu ya usiku macho yameshachoka, unaweza kupekua kioo kizima ukaandika "hakuna" kumbe zipo. Tena wino ulitaka maji ya mgongo, na mtu hatolewi maji ya mgongo mpaka kichwa kiwe kimemuuma siku nyingi, shingo imekakamaa, pengine ameanza kuongea maneno yasiyoeleweka. Tulikuwa tunamkuta fangasi akiwa ameshafika kwenye ubongo.

Ukanda wenyewe hauna mambo mengi. Tone moja la maji ya kuchanganyia kwenye kijimrija, maikrolita 40 za sampuli, unachovya, unasubiri dakika 10. Mistari miwili, yupo. Mmoja wa juu peke yake, hayupo. Unapima majimaji ya damu au maji ya uti wa mgongo. Hautaki friji wala mashine. Kipimo cha lateksi kilichoutangulia kilitaka sampuli ichemshwe au itiwe kimeng'enya kwanza, na vitendanishi vyake vikae kwenye baridi. Umeme ukikatika, unaanza kuwaza kama majibu ya kesho yatakuwa ya kweli.

Kinachonifanya niuheshimu zaidi ni akili iliyo ndani yake. Kila mtu anaweza kumvuta fangasi huyu kwa pumzi, kwani anaishi kwenye udongo, kwenye miti, na kwenye kinyesi cha ndege. Kwa mwenye kinga nzima, seli za CD4, zile zinazoongoza kinga ya mwili, huziamsha seli walaji za mapafuni, nazo humdhibiti bila mtu kujua kwamba aliwahi kuingiliwa. Silaha ya fangasi ni lile koti. Seli mlaji ikimgusa haimtambui vizuri na inashindwa kummeza. Kwa mwenye VVU ambaye CD4 zimeshuka chini ya 100, au aliyepandikizwa kiungo na anatumia dawa za kushusha kinga, hakuna wa kuziamsha seli walaji, basi fangasi anatoka mapafuni na kupanda kichwani.

Thomas Kozel, mwanasayansi wa Chuo Kikuu cha Nevada kule Reno, alitumia miaka mingi kuchunguza namna koti hili linavyoizuia kinga ya mwili. Kutokana na kazi hiyo maabara yake ilitengeneza kingamwili, yaani protini za kinga, zinazolishika koti lenyewe, na kingamwili za namna hiyo ndizo zilizopakwa kwenye ukanda, uliopata kibali Marekani mwaka 2011. Fangasi huwa anamwaga vipande vya koti lake kwenye damu, wiki kadhaa kabla kichwa hakijaanza kuuma. Kingamwili zilizobeba chembe za dhahabu zinavidaka vipande hivyo, zinapanda navyo, zinanaswa na kingamwili nyingine zilizotulia kwenye mstari. Rangi ile nyekundu unayoiona ni ya dhahabu hiyo. Kwa hiyo koti analojifichia ndilo linalomchongea. Nimeshika mamia ya kanda hizi na bado wazo hilo linanisisimua.

Kasoro zipo, na nitazisema kwa sababu mtu anaweza kufa kwa kutozijua.

Ya kwanza ni mstari hafifu. Wanafunzi wanaokuja kujifunza kwangu huuona wakasema, "Mkuu, huu ni kama haupo." Ukiuona, upo. Mstari hafifu ni jibu kamili, na usomwe penye mwanga wa kutosha, ndani ya muda uliopangwa, si nusu saa baadaye.

Ya pili ndiyo iliyonikosesha usingizi. Niliwahi kupokea maji ya mgongo ambayo kwa wino yalikuwa yamejaa seli, kioo kizima, lakini ukanda ukatoa mstari mmoja tu. Nilidhani nimebadilisha mirija. Nikarudia, ikawa vile vile. Tatizo lilikuwa wingi. Vipande vya koti vikizidi mno, kila kingamwili inajaa kivyake na hakuna inayobaki kuunganisha dhahabu na mstari. Nikazimua sampuli ile, nikachovya tena, mstari ukatoka mwekundu wa kukolea. Tangu siku hiyo, dalili za mgonjwa zikipingana na ukanda, nazimua kabla sijaandika chochote. Natamani onyo hilo lingeandikwa kwa herufi kubwa kwenye kila pakiti, maana ukiwa na haraka hulisomi lilipo.

Tena usiutumie kupima kama mtu amepona. Vipande vya koti hubaki kwenye damu miezi mingi baada ya tiba, na mgonjwa anayeonyeshwa mistari miwili tena anakata tamaa bure.

Je, unaokoa watu kweli? Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na Lusaka, ukachapishwa mwaka 2015, ulichukua karibu watu 2,000 wenye CD4 chini ya 200 waliokuwa wanaanza ARV. Waliopimwa antijeni hii na kutembelewa nyumbani wiki za mwanzo walikufa pungufu kwa asilimia 28 kuliko waliopata huduma ya kawaida. Matembezi yale yalichangia pia, siwezi kuupa ukanda sifa zote. Lakini hata kutembelewa nyumbani hakumsaidii mtu ambaye fangasi wake hajulikani. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha ya fangasi 19 wa kuangaliwa kwa makini, huyu aliwekwa wa kwanza. Mimi sikushangaa.

Jambo ninalowasihi wenzangu wa maabara: mistari miwili kwenye damu haisemi fangasi yuko wapi. Lazima maji ya mgongo yapimwe. Akiwa bado hajafika kichwani, vidonge vya flukonazoli vinaweza kumzuia. Akiwa amefika, ni dawa za amfoterisini na flusitosini, na hata ARV husubirishwa wiki 4 hadi 6, kwa kuwa kinga ikiamka ghafla juu ya ubongo uliojaa fangasi huleta uvimbe unaoua.

Hivi karibuni nilipata mistari miwili kwa mzee mmoja mwenye CD4 61 aliyekuja kuchukua dawa zake tu. Sikusubiri karatasi ifuate njia yake. Nilipanda ngazi mwenyewe, nikamkuta ameshashika mfuko wake anaondoka. "Shikamoo mzee, naomba usiondoke kwanza." "Marahaba mwanangu, kuna nini? Mimi hata kichwa hakiniumi." Nilimwambia hicho ndicho kilichonifanya nikimbie. Nilipozimua damu yake, mstari ulionekana mpaka 1:40, yaani sehemu moja ya sampuli katika 40, ukapotea 1:80. Maji yake ya mgongo yalishuka mchana, maangavu kabisa. Nikachovya ukanda mwingine, nikakaa nao dakika zote kumi bila kushika kazi nyingine. Ukatoka mstari mmoja. Nikayazimua nikarudia kwa sababu ya yale yaliyowahi kunipata, ukatoka mmoja tena, na vidonge alianza jioni ile ile.