GPS ya pikipiki ya 85,000: inaona, na wanaoiona ni wengi

Nina bodaboda moja. Kijana anaipaki kijiwe cha Kange, hapa Tanga, na jioni ananiletea hesabu. Ya jirani ilipoibwa Mabawa nilishikwa na hofu, nikaenda kwa fundi mmoja Ngamiani akanifungia GPS, kifaa cha kunionyesha pikipiki ilipo kwenye ramani ya simu. 85,000 na ufundi humo humo. Laini na bando juu yangu.

Kazi inafanya, sitasema uongo. Kidude chenyewe kama kiberiti, kinajificha chini ya siti na kula umeme wa betri. Kinapokea tu ishara za setilaiti, hakizirudishii neno. Kikishajua kilipo, laini ya simu ndiyo inayoniletea habari. Bando likiisha ramani inaganda. Siku moja iliganda Pongwe tangu asubuhi hadi Alasiri, presha ikanipanda, kumbe MB zimekata. Kuzima injini kwa meseji tulijaribu dukani, ikazima.

Sasa namba ya siri: 123456. Imechapwa kwenye karatasi ya ndani ya boksi, kila boksi dukani lina hiyo hiyo. Nilipotaka kuibadili ndipo nikajua akaunti ni ya fundi, mimi nimeruhusiwa kutazama tu. Akanifungulia simu yake bila haya: pikipiki za wateja wake wote, na yangu imo, Mikanjuni, mlangoni kwangu inapolala. Nikamwambia tangu Mei 2023 nchi hii ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi inayofanya kazi. Akacheka. "Mama, si ndiyo nazilinda hizi hapa?"

Na mimi nisijitoe. Kijana sikumwambia kama nimefunga. Kutwa nachungulia ramani kama nakaanga maandazi, nikaona kila saa saba mchana pikipiki inasimama Makorora dakika arobaini. Jioni nikamvaa. Akaniangalia tu. "Mama, nampelekea mama yangu chakula, miguu haimbebi. Nani kakwambia nasimama Makorora?"

Hesabu aliiweka mezani akaondoka bila chai.

Siku hizi anajua, na programu nimemwekea kwenye simu yake pia. Akaunti nimeihamishia kwangu baada ya wiki mbili za kumfuata fundi, na 10,000 nyingine.

Kifaa nyota nne, fundi moja. Ukienda kufunga, usitoke dukani kabla hujabadili namba ya siri kwa kidole chako mwenyewe, na yeye ageukie ukutani.