Tahadhari: "fundi wa lenzi" wa Nakuru anayeuza lenzi za Jupiter zilizochezewa

Wapiga picha wa filamu wa Kisumu, Kakamega, Eldoret na kwingineko, tafadhali someni hili kabla ya kutuma pesa. Kuna mtu yuko Nakuru anayejiita fundi wa lenzi za zamani. Anauza lenzi za Kirusi za kamera za renjifainda (zile za kulenga kwa kidirisha cha pembeni, si kupitia lenzi), akidai amezirekebisha fokasi kwa mkono wake mwenyewe. Nilinunua kwake lenzi ya Jupiter-3 mwezi wa tano kwa Sh 23,500. Pesa zimeenda, na zimeenda pia picha ambazo siwezi kuzipiga tena. Jina la ukurasa wake siliandiki kwa sababu amelibadilisha mara mbili tangu nianze kumdai. Mtamtambua kwa maneno yake, hayo habadilishi.

Husema hivi: "Imepimwa, imefungwa shimu mpya, iko sawa kwa Leica, Canon, Zorki, FED, zote." Shimu ni pete nyembamba inayowekwa ndani ya lenzi kurekebisha fokasi, na hayo majina ni ya kamera. Kisha anakutumia picha tatu za ushahidi. Mojawapo ya zangu ilikuwa jicho la paka, kila unywele unahesabika. Niliitazama usiku ule mara kumi, asubuhi nikatuma pesa kwa M-Pesa, na jioni parseli ikashuka stejini Kisumu ikiwa imefungwa vizuri sana.

Ujanja wake uko kwenye hilo jicho la paka. Picha ile ilipigwa kwa kamera ya dijitali kupitia adapta. Kwa dijitali unatazama kile kile ambacho sensa inaona, unazungusha lenzi mpaka jicho linakuwa kali, unabonyeza. Lenzi yoyote yenye vioo vizima itakupa picha kali namna hiyo, hata kama marekebisho yake yameharibiwa kabisa. Kamera ya renjifainda haioni kupitia lenzi. Ndani ya mdomo wake kuna mkono mdogo unaosukumwa na pete ya nyuma ya lenzi, na mkono huo ndio unaosogeza taswira ya pili kwenye kidirisha mpaka zile mbili zinakutana. Pete ikikosea hata kwa sehemu ya kumi ya milimita, kidirisha kinakuambia umeshika jicho, kumbe filamu inapokea kitu kilicho nyuma ya jicho. Picha ya dijitali haiigusi pete hiyo hata kidogo. Kwa hiyo anachokutumia ni ushahidi wa vioo, na wewe unalipia marekebisho.

Nyanya yangu alitimiza miaka 80 mwezi wa sita. Jamaa walitoka Siaya, Homa Bay, hadi Nairobi. Tulimkalisha nje karibu na ufuo wa Dunga, jua likielekea kuzama, nami nikampiga picha rola nzima kwa kamera yangu ya renjifainda, Canon P, tundu la lenzi likiwa wazi kabisa kwenye f/1.5, mita moja kutoka usoni pake. Filamu iliposafishwa, hereni zake zilikuwa kali. Nyuzi za kitambaa cha kichwani zilikuwa kali. Macho yake yalikuwa ukungu, fremu baada ya fremu.

Nilipompigia simu fundi huyo, hakusita hata kidogo. "Mkubwa, hiyo ni kamera yako. Canon za zamani renjifainda huchoka. Niletee, nitakurekebishia kwa elfu nne." Angalieni hapo: lenzi aliyoiharibu yeye ndiyo inayomletea kazi ya pili. Na kama ningekubali, angeipinda renjifainda ya kamera ifuate lenzi mbovu, halafu kila lenzi nyingine niliyo nayo ingekosea.

Kilichoniokoa ni lenzi ya zamani ya Canon ya 50mm f/1.8 niliyoinunua pamoja na kamera. Hiyo haijawahi kukosea. Nikaamua kupima. Canon P ina mlango wa nyuma unaofunguka, kwa hiyo nilitandaza karatasi ya trasi pale filamu inapopita, nikaiacha shata wazi kwenye B (inabaki wazi muda wote unaotaka), nikaweka tepu ya kupimia kwa mshazari umbali wa mita moja. Nililenga alama moja kwa kidirisha, kisha nikaitazama karatasi kwa lupu, yaani kioo cha kukuzia. Lenzi ya Canon: alama ile ile. Jupiter: sentimita 9 nyuma yake. Hata minara ya mbali ilionekana miwili kwenye kidirisha, ingawa lenzi ilikuwa imezungushwa mpaka mwisho.

Nilimpelekea mzee mmoja fundi wa saa hapa mjini, tukaifungua pamoja. Skrubu tatu ndogo zilikuwa zimetafunwa vichwa. Shimu "mpya" ilikuwa kipande cha mkebe wa soda kilichokatwa kwa makasi. Pete ya nyuma, ile inayosukuma mkono wa kamera, ilikuwa imepigwa tupa, na imelika upande mmoja kuliko mwingine. Mzee alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Shimu hutolewa ikarudishwa. Tupa hairudishi."

Kazi yenyewe ikifanywa sawasawa haihitaji tupa. Jupiter-3 imetokana na Sonnar, lenzi ya Kijerumani ya Zeiss iliyotengenezewa kamera za Contax, ambayo urefu wake wa fokasi ni kama milimita 52.4. Leica, na kamera za Canon zilizofuata vipimo vyake, zinatarajia 51.6. Kwa hiyo Jupiter iliyo sahihi kwa mbali hukosea karibu: kwa mita moja, kama sentimita 3 nyuma. Fundi wa kweli hubadilisha shimu, ile pete nyembamba iliyo kati ya vioo na mwili wa lenzi, akiongeza unene kwa sehemu za mia za milimita mpaka picha ya karibu inakaa. Akifika hapo, ya mbali kabisa italegea kidogo tundu likiwa wazi, nawe utalifunga hadi f/4 kuifunika. Hilo atakuambia mwenyewe kabla hujalipa. Anayekuahidi lenzi hii kuwa kali kwa tundu wazi, kuanzia mita moja hadi mbali kabisa, na kwa kamera zote, anakudanganya, awe yuko Nakuru au kwingine.

Kijana mmoja wa Kakamega aliuziwa na mtu huyo huyo Industar-50 "ya Leica". Ilikuwa ya Zenit, kamera ya Kirusi isiyo ya renjifainda. Hesi ni ile ile ya milimita 39, inaingia na kukaza vizuri, lakini lenzi ya Zenit inataka kukaa milimita 45.2 kutoka kwenye filamu, nayo kamera ya aina ya Leica inaiweka kwenye 28.8. Hakuna umbali wowote utakaokuwa mkali kwenye picha. Geuza lenzi utazame nyuma kabla ya kununua: kama hakuna pete ya kusukuma mkono, iache.

Mkiwa mnanunua kwa mtu yeyote, ombeni picha ya filamu, au ya Leica ya dijitali yenye renjifainda, iliyolengwa kwa kidirisha, mita moja, tundu wazi, na tepu ionekane ndani ya picha. Picha za mandhari kwenye f/8 msizikubali, kwa sababu tundu dogo kama f/8 hufunika kosa. Ombeni pia picha ya pete ya nyuma kwa karibu. Tupa huacha mikwaruzo inayong'aa. Mimi nilipomwomba hiyo ya pete baadaye, alinifungia (alini-block) kwenye simu.

Nimeripoti polisi na nina namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi). Wengine mliouziwa naye, nitumieni ujumbe faraghani tuunganishe malalamiko. Tayari tuko watatu.

Na aliye Kisumu mwenye Jupiter asiyoiamini, nitafute Jumamosi yoyote kabla ya saa sita. Kamera, trasi na lupu ninazo, na kupima huchukua dakika kumi. Sitaki senti yako.