Karai la Plastiki la Kuoshea Mchanga wa Dhahabu: Tathmini Baada ya Wiki Tatu

Karai hili la kijani, lenye upana wa inchi 14, nililinunua Darajani kwa shilingi 35,000 ili nimpelekee ami yangu aliyeko Chunya, ambako dhahabu ya mchangani katika eneo la Lupa imekuwa ikichimbwa tangu miaka ya 1920. Ami anateremsha duara, yaani shimo la kuchimbia, kwenye bonde kavu, akitafuta kokoto za mto wa kale uliofukiwa na udongo. Sikutaka kumkabidhi chombo nisichokijaribu, nami nikakaa nacho nyumbani Wete kwa wiki tatu.

Anayechimba mto uliofukiwa hana nafasi ya kukosea kama aliyekaa kando ya mto wenye maji. Huko Ballarat, nchini Australia, ambako mito ya kale ilifunikwa na lava iliyoganda, wachimbaji wa karne ya 19 walilazimika kuitoboa lava hiyo hadi wazifikie kokoto zilizolala juu ya mwamba wa chini, kwani dhahabu, ambayo uzito wake ni takriban mara 19 ya maji ya ujazo uleule, huzama na kujikusanya huko. Baada ya kazi yote hiyo, uamuzi wa kuendelea au kuacha hutegemea konzi chache za kokoto zinazooshwa. Karai likipoteza chembe, duara lenye mali litaachwa. Hicho ndicho kipimo nilichokitumia.

Kwa kuwa kwetu hakuna dhahabu ya kuosha, nilichukua chubwi ya mshipi, iliyotengenezwa kwa madini ya risasi, nikaikata vipande 20 vidogo, nikavigonga hadi vikawa vyembamba kama karatasi, kisha nikavichanganya na mchanga wa pwani. Risasi ni takriban mara 11 tu ya uzito wa maji, hivyo karai linaloishika risasi litaishika dhahabu ya ukubwa huohuo kwa urahisi zaidi. (Kazi hiyo niliifanya uani, mbali na watoto na vyombo vya chakula, kwa sababu risasi ni sumu.)

Mara ya kwanza nilipata vipande 12, na vingine niliviona kwa macho yangu vikielea na kutoka na maji. Sababu ni mafuta ya kiwandani yaliyobaki kwenye plastiki, ambayo huzuia chembe bapa zisilowe na kuzama, na karatasi ya maelekezo haisemi neno lolote kuhusu jambo hilo. Hili ni kosa kubwa, kwa kuwa mnunuzi atadhani kokoto zake ni tupu. Nilipolisugua kwa sabuni na mchanga laini nilipata 19, na tangu hapo sikuwahi kushuka chini ya 18.

Mifuo mitatu ya ubavuni ni ya kina na hushika vizuri, na rangi ya kijani huonyesha mchanga mweusi na kinachong'aa kwa pamoja. Plastiki haili kutu kwa hewa yetu ya chumvi, tena sumaku ikipitishwa chini ya karai huuvuta mchanga mweusi wa chuma pembeni. Ukingo, hata hivyo, ni mwembamba: karai likijazwa pomoni hupinda na maji humwagika upande mmoja, kwa hiyo lijazwe theluthi mbili tu.

Nimempelekea ami karai likiwa limeshasuguliwa, pamoja na mche wa sabuni na sumaku niliyoitoa kwenye spika mbovu.