A Vida Invisível: Mtu na Mdogo Wake Katika Jiji Moja

Uongo unaoibeba filamu hii unasemwa na baba mzazi, nyumbani kwake, kwa maneno machache. Guida, binti yake mkubwa aliyetoroka na baharia wa Kigiriki, amerudi Rio de Janeiro peke yake akiwa mjamzito, na anamuulizia mdogo wake. Baba anamjibu kwamba Eurídice amekwenda Vienna kusomea muziki, kisha anamfukuza, na mama hana sauti katika uamuzi huo. Ukweli ni kwamba Eurídice hajaondoka Brazili. Ameolewa, yuko Rio hiyohiyo, na hakuna anayemwambia kwamba dada yake amerudi. Kuanzia hapo, mtu na mdogo wake wanaishi miaka katika jiji moja, kila mmoja akiamini kwamba mwenzake yuko ng'ambo ya bahari na mambo yake yamemnyookea.

A Vida Invisível, yaani “Maisha Yasiyoonekana”, ilitoka mwaka 2019, ikiongozwa na Karim Aïnouz, mzaliwa wa Fortaleza, kutokana na riwaya ya Martha Batalha iliyochapishwa mwaka 2016. Ilishinda tuzo kuu ya kitengo cha Un Certain Regard katika tamasha la Cannes, na Brazili iliichagua iiwakilishe nchi katika kinyang'anyiro cha Oscar. Ina urefu wa dakika 139, inazungumzwa Kireno, na hadithi yake inaanza mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakati Guida ana umri wa miaka 20 na Eurídice 18.

Nilisoma riwaya kwanza, na kwa sababu hiyo niliingia katika filamu nikiwa na mashaka. Kitabu cha Batalha kina ucheshi mwingi. Eurídice wa kitabuni anaandika daftari la mapishi, anageuza sebule yake kuwa kiwanda cha kushona nguo, na kila anapobuni jambo jipya mume wake anamkatisha tamaa; tena kipaji chake cha utotoni ni cha filimbi, si cha kinanda. Zaidi ya yote, kitabuni Guida hurudi mlangoni kwa mdogo wake, wakakaa na kusimuliana yaliyowapata. Filamu imeondoa karibu yote hayo. Imempa Eurídice kinanda na ndoto moja tu, ya kusoma katika chuo cha muziki cha Vienna, na imewanyima dada hawa mlango ule wa kukutania.

Kwa maoni yangu, hasara hiyo ni ya kweli. Akili ya Eurídice, ile inayozua mradi mpya kila wa zamani unapozimwa, imepungua katika filamu, na mtu asiyesoma kitabu anaweza kumdhania kuwa mwanamke wa kusikitika tu. Hata hivyo, uamuzi wa kuwatenganisha umeipa filamu nguvu ambayo riwaya haikuihitaji, kwa kuwa barua za Guida sasa zimebeba hadithi nzima. Anamwandikia mdogo wake mwaka baada ya mwaka, akimsimulia kujifungua, kazi na uchovu, na sisi watazamaji ndio wasomaji pekee wa maneno yasiyotuhusu. Mara ya pili niliitazama pamoja na dada yangu mkubwa, ambaye alianza kulia barua ya pili tu ilipokuwa ikisomwa, kabla ya lolote kubwa kutokea.

Ili kuuelewa uzito wa maisha hayo, inafaa kukumbuka kwamba sheria ya kiraia ya Brazili ya mwaka 1916 ilimhesabu mwanamke aliyeolewa kuwa mtu asiye na uwezo kamili kisheria, aliyehitaji idhini ya mume hata kufanya kazi ya kulipwa, na kwamba jambo hilo lilibadilishwa mwaka 1962 tu. Filamu haihutubii kuhusu sheria. Inamweka Guida mbele ya meza ya ofisi akiomba pasipoti ya mwanawe ili amfuate mdogo wake Vienna, naye anaambiwa kwamba inatakiwa ruhusa ya baba wa mtoto, yule baharia asiyejulikana alipo.

Tukio ambalo halijanitoka ni la mgahawani. Guida ameingia na mwanawe, na familia ya Eurídice nayo iko pale. Watoto wawili, mmoja wa kila dada, wanakutana mbele ya tangi la kioo la samaki na kutazamana jinsi watoto wasiofahamiana wanavyotazamana. Ni binamu, nao hawajui. Kamera haiharakishi wala haitulazimishi kushangaa, na ndiyo maana nilijikuta nimeusogelea uso wa skrini, kana kwamba ningeweza kumgusa Eurídice bega ageuke.

Picha za Hélène Louvart, mpiga picha kutoka Ufaransa, zimeiva rangi: kijani cha msitu, wekundu wa vyumbani, ngozi zenye jasho. Joto la Rio unalihisi. Carol Duarte kama Eurídice na Júlia Stockler kama Guida hawaonekani pamoja kwa muda mrefu, lakini dakika za mwanzoni, wanaponong'onezana siri chumbani, zinatosha kutuaminisha kwamba kila mmoja atamtafuta mwenzake maisha yake yote. Gregorio Duvivier anamwigiza mume, Antenor, bila kumfanya zimwi. Ni mtu wa kawaida anayejiona mwema, na hilo linatisha zaidi. Usiku wao wa harusi umeonyeshwa waziwazi, kwa hiyo filamu hii haifai kutazamwa na watoto.

Lawama yangu kubwa inahusu Filomena, mwanamke mweusi anayempokea Guida na mwanawe wakati ndugu wa damu wamewakataa. Bárbara Santos amempa uzito na upole, na sehemu za nyumbani kwake ndizo zenye furaha ya kweli katika filamu. Lakini hatuelezwi vya kutosha alikotoka wala anachokitamani yeye mwenyewe. Kila alicho nacho kinaishia kuwa msaada kwa Guida. Filamu inayodai kuyaonyesha maisha yasiyoonekana ilipaswa kumtazama Filomena kwa muda mrefu zaidi.

Mwishoni Eurídice ni mzee, naye anaigizwa na Fernanda Montenegro, aliyezaliwa mwaka 1929. Barua zinapatikana zikiwa zimefungiwa nyumbani kwake mwenyewe, hatua chache tu kutoka alipokuwa akilala miaka yote ile. Montenegro hapazi sauti. Anazishika zile karatasi, anasoma, na uso wake unabadilika polepole kutoka wa bibi kizee hadi wa msichana wa miaka 18 anayemsikiliza dada yake.