Kliniki ya utumbo mpana Moshi mjini: daktari safi, choo kimoja

Nianze na bei, maana ndilo swali la kwanza la kila mtu. Kumwona daktari elfu 30. Kamera ya utumbo mpana, ule mpira wenye kamera unaopitishwa njia ya haja kubwa, laki tatu na ushee, na dawa ya kusafishia tumbo wanakuuzia humo humo. Bima yangu ililipa daktari tu, kamera nikaitoa mfukoni. Kwa mama anayeuza mtori karibu na soko la Mbuyuni hiyo si hela ya kuokota, kwa hiyo niliikagua huduma yao kama ninavyokagua mkungu wa ndizi. Jina silitaji. Iko ghorofani, haina lifti, wenyeji mtaijua kwa zile ngazi.

Kilichonipeleka ni damu chooni. Kabla ya hapo duka la dawa walinipa vidonge vya amiba, zahanati moja ikaniandikia taifodi, maana mjini kwetu tumbo lolote ni kimojawapo kati ya hivyo viwili. Kijana mmoja stendi akataka kuniuzia unga wa bawasiri ambao, kwa maelezo yake, unarudisha na nguvu za kiume. Nikamwambia mwanangu, hizo nguvu nikazipeleke wapi?

Daktari wa pale ndiye sababu ya mimi kuandika haya. Kijana, alinipa shikamoo yangu, kisha akaniuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza. Damu ina rangi gani? Inadondoka baada ya choo au imechanganyika nacho? Akanieleza kwa nini anauliza. Nyekundu mbichi isiyo na maumivu, mara nyingi ni bawasiri. Ikija na maumivu ya kukata kama wembe wakati wa haja, huenda ni mpasuko wa njia ya haja kubwa yenyewe. Damu iliyochanganyika na kamasi, tumbo linasokota na unaharisha, hapo anafikiria amiba au kuhara damu kwa bakteria, na anataka choo kibichi kipimwe kwa darubini kabla ya kumeza chochote. Choo cheusi kinachonata kinaweza kuwa damu ya huko juu, kwenye vidonda vya tumbo. Lakini choo kikibadilika kwa wiki nyingi, au mtu anakonda, au damu mwilini imepungua bila sababu, basi hata bawasiri ionekane kwa macho yeye hasimami hapo. "Mama, mtu anaweza kuwa na bawasiri na saratani kwa wakati mmoja." Hilo ndilo nililolipia elfu 30.

Akapima kwa kidole, nesi wa kike akiwa ndani na pazia limefungwa. Bawasiri ikaonekana. Kwa kuwa nimeshavuka 50 na baba mdogo aliugua saratani ya utumbo, akaniandikia kamera. Alisema Marekani siku hizi wanashauri hata asiye na dalili aanze kuchunguzwa akifika miaka 45.

Sasa malalamiko. Karatasi ya maandalizi inasema siku ya kuamkia kipimo unywe vitu vyepesi, mfano jeli na juisi ya tufaha. Jeli, Moshi? Ilibidi nimuulize nesi chakula kwa chakula: mtori hapana, uji wa ulezi hapana, supu iliyochujwa sawa, chai ya rangi sawa, dafu sawa. Juisi ya choya marufuku, rangi yake inadanganya kamera ikadhani ni damu. Dawa ni unga unaoukoroga kwenye lita za maji, una chumvi isiyo na rafiki. Nusu unakunywa nyumbani jioni, nusu wanakunywesha pale asubuhi. Na pale asubuhi tulikuwa benchi zima kwa choo kimoja chenye kitasa kibovu. Meku (mzee) mmoja wa Kibosho alijiwekea foleni mlangoni moja kwa moja. Yeye utumbo wake ulijisokota, tumbo likajaa hewa, hapati choo wala hajambi, wakampitishia mpira kutolea ile hewa hospitali kubwa, kisha wakakata kipande kwa sababu ukishajisokota mara moja mara nyingi hurudia. Alikuja kuangaliwa maendeleo. Alitusimulia yote haya akiwa ameshika kitasa.

Kamera yenyewe sina mengi. Sindano ya usingizi, nikasinzia, nikaamka imekwisha. Walikuta kinyama kidogo, wakakikata papo hapo kwa waya na kukipeleka maabara; saratani nyingi za utumbo mpana huanza na vinyama vya aina hiyo, taratibu, kwa miaka. Majibu yalikuwa mazuri, ila hawakupiga simu walivyoahidi, nilipanda ngazi kuyafuata. Bawasiri waliifunga kwa kipira, ikasinyaa na kudondoka yenyewe. Nimeambiwa dona badala ya sembe, maharage, mboga, maji mengi, nisijikamue, na simu isiingie chooni. Hilo la mwisho binti yangu kalisikia kuliko mimi.

Nawapa nyota nne. Mkienda, nendeni na mtu, kwa sababu baada ya ile sindano hawakuachi upande boda peke yako. Na toilet pepa bebeni yenu.